Wakwe Wanakuja Jumapili

*Kikundi: Ukoo wa Babu Shirima*

Neema (Würzburg, Ujerumani): Shikamooni wakubwa. Wakwe zangu wanakuja kula Jumapili. Baba mkwe kasema analeta Silvaner, chakula juu yangu. Nipike nini?

Shangazi Dora: Marahaba mwanangu. Silvaner ndiyo nini, dawa?

Neema: 😂😂 Waini nyeupe shangazi, ya huku huku Franken. Ile ya chupa bapa, Bocksbeutel.

Shangazi Dora: Aah, ile kama kibuyu kilichokaliwa!

Kaka Beno (Mainz): Ni trocken, yaani kavu?

Neema: Trocken kaka. Mzee nyingine hagusi.

Kaka Beno: Basi utamu usahau. Kisheria trocken inaweza kufika gramu 9 za sukari kwa lita, lakini Wafranken wengi huishia chini ya 4.

Shangazi Dora: Mie niacheni na ile tamu ya Dodoma.

Mjomba Fredi: Wapikie kuku wa nazi, pilipili mbuzi ya kutosha. Wajue wameoza wapi! 🔥

Kaka Beno: Mjomba, pilipili na waini kavu haviivi. Mdomo utawaka maradufu na waini itageuka chungu. Kuku wa nazi sawa, pilipili iwekwe pembeni.

Wifi Anita (Trier): Kwani lazima Silvaner? Imepooza. Chukua Riesling, waini nyeupe ya bonde la Mosel, ina uchachu unaochangamsha.

Kaka Beno: Kwa kitimoto nakuunga mkono wifi, ule uchachu unakata mafuta. Ila huwezi kumwambia mkwe arudishe chupa yake 😅 Neema, pika spargel nyeupe, ile asparaga. Silvaner ni pole, haiizidi nguvu. Viazi vya kuchemsha, hemu, siagi ya kuyeyusha, basi.

Neema: Zile nyuzi zake je? Sitaki mama mkwe akae anatafuna tu.

Wifi Anita: Menya kuanzia chini kidogo ya kichwa kushuka, usionee huruma. Kata na kile kitako kigumu. Maganda usitupe: yachemshe kwanza, chuja, halafu pikia spargel kwenye maji hayo hayo na chumvi, sukari kidogo, kipande cha siagi. Dakika 12 hadi 15 kwa zile nene. Choma kwa kisu, kikiingia bila kubishana, epua.

Neema: Asante wifi 🙏🏾

Kaka Beno: Nunua mapema. Juni 24 wakulima wanaacha kuvuna ili mimea ipumzike.

Mjomba Fredi: Na hiyo waini itiwe barafu.

Kaka Beno: Mjomba!!! Friji inatosha. Itoke dakika chache kabla, iwe kama nyuzi 10.

Mjomba Fredi: Haya, mimi na bia yangu.

Wifi Anita: Neema, jiandae na hadithi ya Castell, kile kijiji cha Franken. Mwaka 1659 walipanda miche ya Silvaner pale, na wazee wa Franken hawachoki kuisimulia. Wewe mjazie glasi tu.

Neema: Keshaisimulia, siku ya harusi. Kwa Kijerumani cha kwao, nikawa naitikia "ja, ja" 🤣

Shangazi Dora: Na mboga za majani je? Au watakula hivyo vijiti vyeupe tu?

Neema: Vijiti tu shangazi.

Shangazi Dora: Mh. Ongeza viazi.