Mrejesho: bunduki ya marehemu babu

Assalaam aleikum. Ni mimi wa Lamu niliyewauliza kuhusu bunduki kuukuu aliyotuachia marehemu babu: ni ya mwaka gani, na thamani yake ni kiasi gani. Ahsanteni sana nyote mliojibu.

Nilifuata ushauri wenu wa kutoipiga msasa. Nilipangusa ubavu wa kulia taratibu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na maandishi yakajitokeza: taji, chini yake V.R., kisha ENFIELD, 1886, halafu III, yaani toleo la tatu. Kumbe kweli ni Martini-Henry, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza! V.R. ni Malkia Victoria, aliyetawala hadi 1901, kwa hiyo mwaka unaingia. Kaka wa Malindi uliyenitahadharisha na zile za kughushi za mpakani mwa Afghanistan, ambazo baadhi zina herufi N iliyogeuzwa, Mungu akuzidishie. Nimezimulika herufi zote kwa tochi, N imekaa sawasawa.

Bei ndiyo imenishinda. Kitako si chake cha asili, kilichongwa upya hapa hapa, tena kwa ufundi mzuri mno, lakini wakusanyaji hutaka mbao za kiwandani.

La polisi pia nimelitekeleza. Sikuibeba njiani, niliwapigia simu wakaja nyumbani. Wameichukua mpaka suala la kibali liamuliwe, nami nina stakabadhi. Kwa sasa haiuziki. Mama anataka tuombe iwekwe makumbusho, nami namuunga mkono. Mwenye kurithi kama hii apige picha za maandishi kabla haijaondoka nyumbani.