Kikundi: Ukoo wa Ngamiani

Idi: Shikamooni wakubwa. Leo natoka Muheza na Volkswagen Beetle ya Babu, boneti imefyatuka njiani. Ndoano ya usalama ndiyo iliyoizuia. Nimesimama pembeni, nikaifunga kamba, tumefika Tanga polepole.

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi! Ulikuwa na nani?

Idi: Na mama watoto, na wanawe wote wawili nyuma.

Shangazi Zuhura: Ya Rabbi. Gari hiyo isitoke tena uani.

Baba Mkubwa Mombasa: Marahaba Idi. Umefanya la maana kusimama. Bawaba za boneti hiyo ziko upande wa kioo, upepo ukiingia chini yake inainuka yote, huoni barabara. Hebu niambie, umebadilisha nini karibuni?

Idi: Mpira wa ukingoni mwa boneti tu. Wa zamani ulikuwa unapitisha maji, tairi la akiba lililo chini ya boneti linalowa. Tangu hapo boneti haifungi mpaka niibamize.

Baba Mkubwa Mombasa: Ndiyo hiyo. Mpira mpya ni mnene, boneti inakaa juu, pini inashika loki kwa ncha tu. Shimo moja, imeachia. Na usibamize tena, utabonyeza bati.

Idi: Fundi wa hapa anataka kupanua tundu la loki kwa drili.

Baba Mkubwa Mombasa: HAPANA. Tenki la petroli liko hapo hapo chini! Pini ina marekebisho yake. Tazama boneti kwa ndani: pini ina springi, ncha yake ina mfereji wa bisibisi, na kuna nati inayoikaza. Legeza nati, zungusha pini itoke mizunguko miwili, kaza nati. Ikirefuka itazama vizuri kwenye loki.

Baba Mkubwa Mombasa: Lakini USIFUNGE kwanza. Mtu avute kinobu cha kufungulia boneti ndani ya gari, wewe tazama kibati cha loki ya chini. Kinasogea chote? Akiachia, kinarudi chenyewe?

Idi: Kinarudi nusu, kinakwama.

Baba Mkubwa Mombasa: Basi waya unaotoka kwenye kinobu mpaka loki umekauka, na loki ina vumbi. Safisha loki, paka grisi kidogo. Waya utilie oili, ulale nayo usiku. Gari hiyo ni ya 1966, mdomo wa tenki uko chini ya boneti. Waya ukikatika boneti ikiwa imefungwa, hata mafuta hujazi. Zilizotoka kuanzia 1968 ndizo zenye kifuniko cha mafuta cha nje.

Shangazi Zuhura: Kumbe! Babu alikuwa akiitilia oili kila Ramadhani ikikaribia, mimi nikidhani ni mazoea tu.

*Jumapili*

Idi: Kibati sasa kinarudi kwa kishindo. Nimefunga kwa kiganja kimoja. Ila upande wa kushoto una mwanya. [picha]

Baba Mkubwa Mombasa: Hiyo si loki, ni bawaba. Chora kwa penseli zilipokaa, ndipo ulegeze boliti kidogo tu. Mmoja ashike boneti, mwingine asogeze. Pini ikishuka katikati ya tundu bila kukwaruza, kaza.

Idi: Imekaa sawa. [video]

Baba Mkubwa Mombasa: Ishike mkononi uivute juu kwa nguvu. Kisha pita barabara mbovu polepole, peke yako, na ile ndoano uijaribu pia, maana ndiyo iliyowaokoa. Nilikuwa mtoto 1962 dereva Fjastad aliposhinda mbio za magari za Safari na Volkswagen. Gari hizi zinavumilia njia mbaya, alimradi zishikwe vizuri.

Idi: Nimezunguka Raskazoni na kurudi, haijatikisika.

Baba Mkubwa Mombasa: Mwezi ukiisha mpira utakuwa umelala, boneti itaanza kugonga. Hapo rudisha pini ndani nusu mzunguko.

Shangazi Zuhura: Watoto watapanda basi mpaka huo mwezi uishe. Mimi nitapanda nawe Ijumaa, nikaone mwenyewe.