Nimelipia kanivali ya Venice 2027, kumbe tarehe tulizopangiwa itakuwa IMESHAISHA. Huu si utapeli ni nini?

Wakuu habari zenu, mnivumilie naandika nina hasira, na mods naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la utalii ukafie huko.

Mimi niko Munich, nahudumia wazee, na off za kazini kwetu unaomba miezi kibao kabla. Mwezi wa tano kuna dada (simtaji, anajijua na najua humu anapita) akatupia tangazo kwenye grupu letu la WhatsApp: VALENTINE NA KANIVALI YA VENICE, 12 hadi 15 Februari 2027, hoteli dakika 10 kutoka katikati ya mji, maski bure, advansi euro 350. Picha sasa, watu wamevaa majoho ya satini na manyoya kichwani, nyuma gondola zimefungwa kwenye nguzo, ukungu juu ya maji. Nikalainika. Nikalipa ya kwangu na ya mdogo wangu, 700 ikatoka.

Juzi naongea na mama yuko Moshi, namsimulia kwa mbwembwe, akanyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Sasa mwanangu, ngoma gani hiyo inachezwa kwaresma?" Nikacheka nikajua mama kwa mambo ya kanisa humwezi, ila roho ikanicheza nikafungua kalenda. Pasaka 2027 ni 28 Machi. Rudi nyuma siku 46 unaikuta Jumatano ya Majivu, tarehe 10 Februari. Na kanivali ya kule inafungwa Jumanne ya mwisho kabla ya Majivu, wenyewe wanaiita martedì grasso, Jumanne nono, siku ya kula vinono kabla watu hawajaanza kufunga. Yaani inaisha tarehe 9, sisi tunatua tarehe 12, tutawakuta wafagiaji!

Alichofanya nimeshakijua, kachukua bango la mwaka huu kabadilisha mwaka basi. 2026 Majivu yaliangukia 18 Februari kwa hiyo Valentine ilikuwa ndani ya kanivali. Hii kitu inaifuata Pasaka na Pasaka inaufuata mwezi wa angani, haikai tarehe moja kama Saba Saba. Na mimi Mkatoliki wa kubatizwa utotoni nimeshindwa kupiga hesabu mpaka mama yangu, haya nitukaneni hapo nimestahili.

Nikamtumia skrinshoti ya kalenda. Akanijibu kwa voisi noti ya dakika nne, nyuma sufuria zinagongana, eti "mpenzi, Venice ni Venice tu, maski zinauzwa mwaka mzima, mtavaa mtapiga picha". Mtavaa mtapiga picha!! Watu saba tumesimama daraja la Rialto tumevaa maski, Waitaliano wako kwenye kwaresma yao wanatupita kama wanapita vichaa.

Hoteli nayo nimeitafuta kwenye ramani, iko Mestre, upande wa bara. Hizo dakika 10 ni za treni mpaka stesheni ya Santa Lucia, ukishuka hapo San Marco, uwanja mkuu wa katikati ya mji, bado, utembee nusu saa na zaidi kwenye vichochoro au upande vaporetto, ile boti ya abiria, tiketi euro 9.50 na inakufa baada ya dakika 75. Kulala Mestre si dhambi, wengi wanakwepa bei hivyo hivyo, ila usiniambie katikati ya mji.

Sasa hiyo maski ya bure, imeshafika kwa posta. Plastiki nyembamba kama kifuniko cha keki, pua imebonyea, inanuka gundi, nikaijaribu mara moja tu mpira ukakatika ukanichapa sikioni. Na mimi nilishasoma wakuu, maski ya Venice yenyewe ni ya karatasi, inalowekwa gundi inakandikwa kwenye kalibu, ikikauka ndo fundi anapaka rangi kwa mkono, na hao mafundi walikuwa na chama chenye kanuni zake tangu 1436. Nilikuwa nataka bauta, ile nyeupe yenye mdomo uliochomoza mbele, unakula na kunywa bila kuvua na hata sauti inabadilika, zamani bwana mkubwa na mtu wa kawaida wakiivaa humjui nani ni nani. Baada ya Napoleon kuiangusha jamhuri yao 1797 kanivali ikadorora mpaka kuja kufufuliwa mwishoni mwa miaka ya 70, nikawa nawaonea huruma watu wa Venice walivyokaa bila sherehe yao. Kumbe huruma nilitakiwa nijionee mwenyewe.

Ninachodai ni kimoja, safari isogezwe iwe 5 hadi 9 Februari au 700 yangu irudi. Anasema advansi hairudi kwa sababu hoteli imeshalipwa. Nikamwomba risiti ya hoteli, tiki mbili za bluu tangu juzi. Kuna maski moja ya wanawake wa zamani inaitwa moretta, nyeusi ya duara, haina kamba, unaishikilia kwa kung'ata kifungo kwa ndani kwa hiyo huwezi kuongea. Naona ndo aliyovaa.

Mlioko Italia, nikiipigia hoteli mwenyewe watanisikiliza wakati bukingi iko kwa jina lake? Na nyie wengine watano mliolipa, njooni PM leo kabla hajatutoa kwenye grupu.