Zahanati yetu ya uswahilini inaishiwa dawa kwa sababu ya madeni, tufanyeje?

Tabibu wa Tandale
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni tabibu, nasimamia zahanati ndogo huku Tandale. Si ya serikali wala ya tajiri mmoja, ni ya kikundi cha wakazi, ina kamati na vibali viko ukutani. Wagonjwa wapo. Kinachotuua ni daftari la madeni.

Wateja wetu ni mama ntilie, wabeba mizigo wa sokoni, bodaboda wa mkataba. Mama anaingia usiku, mtoto anachemka, mkononi ana elfu mbili. Utamfukuza? Unapima malaria, unampa dawa ya kushusha homa, anaandikwa. Kesho yake ana marejesho ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na sisi tunakaa nyuma ya foleni hiyo. Mwisho wa mwezi nesi analipwa, kodi inalipwa, pesa ya kwenda kuchukua dawa Kariakoo haipo. Hata aliyekuja na taslimu anaandikiwa karatasi akanunue dukani, na huyo ndiyo harudi tena.

Kamati imegawanyika. Wengine wanasema marufuku kukopesha. Mwenye sauti kubwa kuliko wote anataka kila mwenye homa apimwe malaria, taifodi na mkojo, eti "hela iko maabara". Waliowahi kuendesha vituo mitaa ya aina hii, naomba mnisaidie.

Kibubu
Mkuu, hujaishiwa pesa, umezichanganya. Sisi huku Mbagala kila jioni tunapiga hesabu ya dawa zilizotoka, ile bei tuliyonunulia inahamishwa kwenye laini ya pili ya simu. Kwenye hiyo laini hakuna mshahara, hakuna luku, hakuna nauli ya mwenyekiti. Ni dawa tu.

Deni tunaruhusu kwenye ada ya kumuona tabibu. Dawa haikopeshwi. Mtoto anayedegedeka au mtu aliyezidiwa anatibiwa kwanza, hapo hakuna mjadala, lakini kamati ikiamua kumsamehe inamlipia kwenye mfuko wake. Tangu waanze kulipa wao, huruma yao imekuwa na mahesabu.

Nesi Mstaafu
Huyo wa "hela iko maabara" muulizeni kama yuko tayari kumeza antibiotiki za ugonjwa asio nao. Kile kipimo cha taifodi cha tone la damu kinaweza kusoma chanya kwa mtu aliyeugua zamani na akapona. Ndiyo maana mji mzima una "taifodi na UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo.

Malaria pima, tena pima kweli. Shirika la Afya Duniani tangu 2010 linataka kila anayehisiwa apimwe kabla ya dawa. Ikitoka hasi usitoe dawa ya mseto ya malaria, na usianze kumtafutia ugonjwa mwingine wa kumuuzia. Mtoto anayeharisha na bado anakunywa vizuri hahitaji dripu. Mpe ORS, ile ya unga wa kuchanganya na maji, na zinki ya siku 10 hadi 14. Faida yake ndogo, najua, ila mama yule atakuleteeni mtaa mzima.

Na msione haya kuelekeza watu. Kwa sera, matibabu ya watoto chini ya miaka 5 na wajawazito kwenye vituo vya serikali ni bure, dawa za TB ni bure. Mwenye kikohozi cha wiki mbili huenda ni TB, unamuuzia dawa ya maji ya kikohozi ya nini?

Mkaazi wa Mathare
Huku Kenya 2004 ada ilishushwa, shilingi 10 kwa dispensari na 20 kwa kituo cha afya. 2013 ikafutwa kabisa. Raia tulifurahi, lakini ile pesa kidogo ndiyo ilikuwa inanunua sabuni na kumlipa mfagiaji. Kamati yenu ikitaka kupunguza bei, waulizeni kwanza pengo litazibwa na nani.

Mwana Kikoba
Si mkusanye buku kila wiki kwa kila kaya, anayelipa atibiwe bure?

Kibubu
Hapo taratibu. Ukichukua michango ya watu na kuwaahidi matibabu, unafanya biashara ya bima, na TIRA, wale wasimamizi wa bima, watakuuliza leseni. Ila umenikumbusha kitu. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii wa ugonjwa na msiba. Ongeeni na vikundi vya hapo mtaani. Mwanachama akiugua anakuja na karatasi ya katibu, mnamtibu, kikundi kinawalipa kwa lipa namba siku ya kikao. Deni linakuwa la watu thelathini wanaomjua, si lako peke yako.

Tabibu wa Tandale
Hili la vikoba sikuwahi kulifikiria, na karibu kila mama hapa yuko kwenye kimoja. Swali lingine. Wagonjwa wa presha wanataka kupimiwa dawa kama mafuta ya kula: "nipe vya siku tatu". Nikikataa hawanunui kabisa.

Nesi Mstaafu
Wa presha mpe vya wiki, kwenye bahasha iliyoandikwa siku, na akija kuchukua vingine mpime palepale bila kumdai. Siku tatu atakupotea. Antibiotiki usikate hata kwa ndugu yako: weka bei ya dozi nzima, usitaje bei ya kidonge.

Tabibu wa Tandale
Shukrani sana. Kikao cha kamati ni Jumapili, naenda na laini ya pili na vikoba, maabara ibaki ilivyo. Kibubu, hiyo laini namba ya siri anakaa nayo nani?

Kibubu
Mweka hazina. Simu yenyewe anakaa nayo mtoa dawa. Kila mwezi tunachapisha taarifa ya miamala, inabanwa kwenye leja ya dawa, mjumbe yeyote anaruhusiwa kuisoma. Usimpe mwenyekiti.