Wifi kaleta vidonge vya seli shina, na mtoto wangu yuko kwenye insulini

mama_makorora
Hamjambo humu. Niko Tanga mjini. Kijana wangu ana miaka 13, kisukari cha aina ya kwanza, mwaka wa pili sasa. Sindano nne kwa siku, kazoea, anajichoma mwenyewe.

Wifi yangu kajiunga na biashara ya mtandao. Juzi kaja na maboksi matatu, boksi 280,000, anasema ni seli shina za tufaha, zile seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, eti zinaota kongosho jipya. Sharti lake: ikifika siku ya kumi mtoto aache insulini, eti inazilaza hizo seli. Mama mkwe keshakubali. Mume wangu yuko safarini na lori, kwenye simu anasema "fanyeni mnavyoona."

Kinachonichanganya, wifi kanionyesha habari ya dada mmoja wa China aliyeacha insulini kwa seli shina. Nikaitafuta, kumbe ni kweli! Nikikataa nitaambiwa nimemnyima mtoto wa kaka yake uzima. Nifanyeje?

pweza_mkavu
Insulini isiachwe hata siku moja. Mengine tutaongea baadaye.

mstaafu_wa_wodi
Nakazia hapo kwa pweza. Mtoto wa aina ya kwanza kongosho lake halitoi insulini ya kumtosha. Ukimkatia sindano, mwili unaanza kuunguza mafuta, damu inajaa asidi. Anaanza kutapika, tumbo linamuuma, anahema kwa kasi, mdomo unanuka kama tunda lililoiva sana. Haichukui wiki, mama. Mimi nimewapokea usiku wakiwa hivyo, na si wote waliotoka kwa miguu yao.

Sasa hiyo habari ya China. Ni ya kweli, ilitoka 2024, ila wifi kakusomea nusu. Yule dada wa Tianjin, miaka 25, hakumeza kitu. Walichukua seli za mafuta yake mwenyewe, wakazirudisha maabara mpaka zikawa seli shina, wakazikuza ziwe seli za kutoa insulini, kisha wakampandikizia kwenye misuli ya tumbo. Siku ya 75 hivi akaacha kujichoma. Na alikuwa tayari anatumia dawa za kushusha kinga, kwa sababu aliwahi kupandikizwa ini. Bila hizo, kinga iliyoua seli zake za kwanza ingeweza kuzigeukia na hizo mpya.

Wamarekani nao, kampuni ya Vertex, mwaka 2025 walitoa matokeo ya watu 12 waliopewa dozi kamili ya seli za maabara, zinaingizwa kwenye mshipa wa ini. Mwaka mmoja baadaye 10 hawakuhitaji insulini. Ni jambo kubwa, sitaki kulidharau. Lakini wote walikuwa watu wazima, tena wale ambao sukari ilikuwa inawashuka hadi hatari, na dawa za kushusha kinga hawaziachi. Mtoto anayeendelea vizuri na sindano humwingizi huko kwa sasa.

fundi_chumbageni
Mbona nasikia seli shina zinatibu hata hapa kwetu?

mstaafu_wa_wodi
Zinatibu, fundi. Muhimbili walianza kupandikiza uboho 2021, ule ute wa ndani ya mifupa wenye seli shina za damu, Dodoma pale Benjamin Mkapa wanawafanyia watoto wa selimundu tangu 2023. Nje huko yapo hata magonjwa ya kurithi ya umetaboli, yaani mwili unashindwa kuvunja vitu fulani, kama Hurler, mtoto anazaliwa bila kimeng'enya fulani, akipewa uboho wa mtu mwingine mapema seli zile zinamtengenezea. Ila hapo pote seli ni hai, za binadamu, zinaingia kwenye mshipa, na mgonjwa analazwa wiki kadhaa. Hakuna anayepewa boksi akameze nyumbani.

mzee_wa_ngamiani
Tufaha! Ukimeza tufaha tumbo linalisaga, lingekuwa linaota tungekuwa na mashamba tumboni. Mwanangu, muulize wifi kwa upole: hayo maboksi kayalipia kwa hela ya nani? Wengi wanaojiunga na biashara hizi wanalazimishwa kununua mzigo kwanza, halafu soko la kwanza ni ndugu. Huenda hakuchukii wala hakutapeli, kabanwa.

binti_sindano
Mie huu mwaka wa 19 najichoma sindano. Ongea na mtoto mwenyewe kabla hawajaongea naye, maana mtoto akiambiwa kuna njia ya kuacha kuchoma atakubali hata kwa siri. Mpeleke mama mkwe kliniki siku ya miadi, asikie kwa daktari, si kwako. Na kama umeme wa friji unakatika, chupa ya insulini iweke kwenye kimfuko, ndani ya mtungi, kuzunguka mtungi kuwe na mchanga uliolowa maji. Usiiweke kwenye friza, ikiganda imeharibika.

mama_makorora
Nimerudi. Mzee, umepiga penyewe. Wifi kakopa kikoba kununua mzigo, kalia machozi mbele yangu. Tumekubaliana boksi mbili ambazo hazijafunguliwa aombe kurudisha, ya tatu keshaifungua mwenyewe, anasema anatumia kwa magoti. Sijabishana naye.

Mama mkwe kakubali kuja kliniki Alhamisi, kwa sharti nimnunulie nauli ya bajaji kwenda na kurudi. Kijana jana usiku sukari 14, nikashtuka. Kumbe bibi yake kamficha kashata mbili kwenye begi la madrasa.