Bodi yangu ya LoRa (redio ya kutuma data mbali) haifiki hata barabarani

Binti wa Kadutu: Wakubwa, salamu toka Bukavu. Nimechora bodi ya kupima maji kwenye tangi la mama jirani, megahezi 868, FR4 (ubao wa nyuzi za kioo) yenye unene wa milimita 1.6, tabaka mbili za shaba. Njia ya shaba toka moduli ya redio hadi antena nimeipa upana wa milimita 0.3 kama njia zingine. Mezani inaongea, nikishuka ngazi, kimya. Moduli ileile nikiiwekea waya kwa mkono ilivuka bonde! Nimekosea wapi?

Mzee Lehemu: Dada, ni hiyo 0.3. Kwa unene huo wa ubao, ili njia iwe na omu 50 zinazolingana na redio na antena, inataka upana wa karibu milimita 3, na shaba ya ardhi (ground) chini yake. Sasa hazilingani, mawimbi yanagonga na kurudi. Chini ya antena yenyewe kuna nini?

Binti wa Kadutu: Shaba. Niliijaza kote, niliona inapendeza.

Mzee Lehemu: Basi umeifunikia sufuria! Hapo itoe, pande zote mbili. Kwa sasa kata ile njia, lehemu waya wa sentimita 8.6 kwenye pini ya moduli: robo ya urefu wa wimbi.

Binti wa Kadutu: Nimekata kwa wembe. Niko Nguba saa hii, inasoma! Aksanti, mzee. Zinaniuma tu zile bodi tisa zilizobaki.