Darasa la wanafunzi 80 na rundo la daftari: tupeane uzoefu wa kusahihisha, kupima na kumwinua anayebaki nyuma

Bwana Hesabu

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa mbinu. Upungufu wa madarasa na mishahara tuuache kwenye nyuzi zake. Anayechangia aseme kinachofanyika hatua kwa hatua, kinachoharibika, na sababu yake.

Naanza na hesabu ya muda. Mkondo una wanafunzi 80, umetoa maswali 10: hayo ni majibu 800. Ukitumia sekunde 15 kwa jibu, ni dakika 200, yaani saa tatu na dakika 20. Mwenye mikondo minne anamaliza saa 13 na zaidi kwa zoezi moja. Ndiyo maana daftari nyingi zina tiki moja ndefu kutoka juu hadi chini na sahihi pembeni. Tiki hiyo humridhisha mkaguzi, lakini mwanafunzi haimwambii kitu.

Toa maswali matatu. La kwanza lipime msingi ambao somo limejengwa juu yake, la pili lipime kilichofundishwa leo, la tatu liwe na mtego. Mfano wa mtego, Kidato cha Kwanza: fungua mabano, 3 − 2(x − 4). Jibu ni 11 − 2x. Makosa yake yanajulikana kabla hujafungua daftari hata moja:

−5 − 2x: amezidisha 2 na 4 vizuri, akasahau kwamba kutoa mara kutoa ni kujumlisha.
−1 − 2x: amezidisha x peke yake, 4 ameiacha ilivyo.
x − 4: ameanza na 3 − 2, akapata 1, akaizidisha na mabano.

Weka karatasi pembeni yenye safu tatu za makosa hayo na ya nne ya "mengineyo". Ukikuta kosa, piga kijistari kwenye safu yake. Kwenye daftari weka nukta moja tu chini ya mstari ambapo kosa limeanzia. Usiandike masahihisho. Safu ikifika vijistari 15, kipindi cha kesho kinaanza na kosa hilo ubaoni. Ikiwa na vitano, waite hao watano mezani wakati wengine wanafanya zoezi. Hawa wanaotoa 3 − 2 kwanza wasifundishwe mabano tena, maana tatizo lao ni mpangilio wa matendo.

Kinachoharibika ni kunakili. Ukiona watu sita wa dawati mbili wana kosa moja la ajabu, jua lina baba mmoja. Waliokaa kushoto wape 3 − 2(x − 4), wa kulia 5 − 3(x − 2). Kazi ya kusahihisha haiongezeki.

Ticha wa Msingi

Mkuu umegusa penyewe. Huku chini kosa linalozaa mengi ni hili: 402 − 178 = 376. Wengi husema mtoto "hajui kutoa". Anajua sana, ila ana kanuni yake: kwenye kila nafasi anatoa ndogo kutoka kubwa. 8 toa 2 ni 6, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Ukimpa 489 − 156 anapata 333, unamwekea tiki, na kanuni yake mbovu inazidi kuota mizizi. Kwa hiyo zoezi la kutoa ambalo tarakimu ya juu haiwi ndogo kuliko ya chini hata mara moja halijapima kitu.

Tiba ni vijiti, hata kwa darasa la tano. Funga vijiti kumikumi kwa mpira. Anza na 42 − 18: mtoto ana mafungu manne na vijiti viwili, anaombwa vijiti vinane, havipo. Afungue fungu moja kwa mkono wake: mafungu matatu, vijiti 12. Ndipo atoe, zibaki 24. Neno "kopa" liacheni, kwa sababu mkopo hurudishwa na hapa hakirudishwi kitu. Semeni "fungua".

Kisha 402, ambayo inafunguliwa mara mbili. Mia moja inakuwa makumi 10, zinabaki mia 3. Kumi moja linakuwa mamoja 10, yanabaki makumi 9 na mamoja 12. Andikeni 3, 9, 12 juu ya tarakimu zile kabla ya kutoa chochote: 12 − 8 = 4, 9 − 7 = 2, 3 − 1 = 2. Wanaofungua huku wanatoa ndio wanaopotea njiani.

Bios wa Kata

Kwetu sekondari za Tanzania kuna ukuta mwingine. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia Kidato cha Kwanza karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Akikosa swali la Baiolojia hujui amekosa Baiolojia au lugha.

Njia ya kutenganisha: swali lilelile muulize kwa mdomo, ajibu kwa Kiswahili, dakika moja. Akieleza usanisinuru vizuri, yaani mmea unatumia mwanga, maji na hewa ya kaboni dioksaidi kutengeneza chakula na kutoa oksijeni, basi somo analo. Anachohitaji ni mifupa ya sentensi. Andika ubaoni mwanzo wa sentensi tatu za Kiingereza na maneno sita ya kujazia, ajaze, kisha afute na kuandika bila kutazama. Mifupa hiyo iondolewe baada ya wiki mbili hivi, maana ikikaa muhula mzima wanakariri umbo la sentensi na maana inapotea.

Kuhusu tahajia, mwongozo wa usahihishaji useme mapema. Neno lililokosewa herufi lakini halifanani na neno lingine la mada, lipewe alama. "Fotosynthesis" inaeleweka. Lakini kuna jozi zisizosameheka: "ureter" na "urethra", "mitosis" na "meiosis". Herufi mbili tatu hapo zinabadilisha kiungo au zinabadilisha aina ya mgawanyiko wa seli. Akiandika "uretha", amekaribia "urethra". Akiandika "urether" huwezi kujua alikusudia ipi, hapati. Jozi hizo zibandikwe ukutani tangu mada inaanza, isije ikawa mtego wa siku ya mtihani.

Kalamu Nyekundu

Wakuu, wanafunzi kusahihishana wenyewe mnaonaje? Nasikia wengine wanaiita uvivu wa mwalimu.

Dada Fasihi

@Kalamu Nyekundu inategemea unasahihishia nini. Kwa mazoezi inafaa, kwa alama zinazoingia kwenye rekodi za maendeleo haifai kabisa.

Daftari zisiende kwa jirani, zirudi nyuma dawati tatu, wa nyuma kabisa walete mbele. Wote waweke kalamu chini, washike penseli. Onyesha jibu kwa hatua moja moja, wao waweke alama hatua hiyo, ndipo uende inayofuata. Ukiandika jibu zima kwa mpigo wanatazama mstari wa mwisho tu. Msahihishaji aandike herufi za jina lake chini. Kisha wewe vuta daftari nane bila kuchagua, uzipitie. Wakijua kwamba nane zinavutwa kila mara, urafiki hupungua kwenye penseli.

Insha ni habari nyingine. Ukisahihisha kila kosa, ukurasa unageuka damu na mtoto anafunga daftari. Chagua makosa ya aina mbili kwa insha moja, watangazie kabla hawajaandika. Alama za pembeni: T ni tahajia, N ni ngeli, A ni alama za uandishi. Mtoto ameandika "Vitabu hizi zimepotea". Piga mstari chini ya "hizi zimepotea", pembeni andika N, basi. Yeye atafute "hivi vimepotea". Kipindi kinachofuata kianze kwa dakika 10 za masahihisho hayo, daftari wazi, wewe unapita kati ya madawati. Bila dakika hizo 10 usitegemee yeyote atasoma ulichoandika. Alama ukizichelewesha zikatoka siku ya pili yake, ni bora zaidi, kwa sababu mtoto akishaona 14 kati ya 20 hasomi kingine.

Mtunzi wa Maswali

Niongezee upande wa mtihani wenyewe, maana wengi tunatunga usiku wa kuamkia siku ya kuchapa.

Jedwali la utahini, yaani mgawanyo wa alama kwa kila mada, lisionekane kama karatasi ya ofisini. Chukua azimio la kazi (mpango wako wa mada na vipindi vyake), hesabu vipindi. Mada ya kwanza vipindi 16, ya pili 14, ya tatu 10, jumla 40. Mtihani wa alama 50: ya kwanza inapata 16/40 ya 50, yaani 20, ya pili 17.5, ya tatu 12.5. Sogeza hizo nusu uonavyo. Asiyefanya hivi hujikuta ametunga nusu ya mtihani kwenye mada anayoipenda.

Kusahihisha: swali kwa swali, usiende karatasi kwa karatasi. Swali la 1 kwa wote 80, changanya rundo, swali la 2 kwa wote. Ukimaliza karatasi nzima ya mtu mmoja, jibu lake zuri la mwanzo linalainisha kalamu kwenye majibu yanayofuata. Na rundo lisipochanganywa, walewale wa chini wanakutana na wewe umechoka kila swali. Mwisho, rudia zilizo kando ya mstari. Kwa madaraja ya Kidato cha Nne, D inaanzia 30 na C inaanzia 45, kwa hiyo karatasi za 28, 29, 43 na 44 zijumlishwe upya. Makosa mengi yanayokutwa ni ya kujumlisha, au ukurasa wa nyuma haukufunguliwa.

Maswali ya kuchagua nayo yapimwe. Panga karatasi kwa alama, chukua 20 za juu na 20 za chini. Swali ambalo juu wamepata 17 na chini 6, tofauti ni 11, gawa kwa 20: 0.55. Zuri, litunze. Likikaribia sifuri halitenganishi anayejua na asiyejua. Likiwa hasi, yaani wa chini wamelipata wengi kuliko wa juu, kabla hujamlaumu mtu angalia majibu yako mwenyewe. Mara nyingi herufi iliandikwa vibaya kwenye mwongozo.

Mwalimu wa Gredi ya Nne

Salamu kutoka Kenya. Huku mtaala wa umilisi unatutaka tupime kwa viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia na kuwa mbali na matarajio. Tatizo ni kwamba kigezo kikiandikwa "anasoma kwa ufasaha" kila mwanafunzi huishia "kufikia", na mzazi haambiwi lolote. Kiandike kwa kitu kinachohesabika. Kifungu cha maneno 60: anayefikia husoma bila kukosea zaidi ya maneno matatu, anatua kwenye nukta, na anajibu maswali matatu kati ya manne. Anayekaribia hukosea hadi manane au huruka nukta. Nambari hizo ni za kujiwekea, zirekebisheni. Muhimu ni walimu wawili wakimsikiliza mtoto mmoja wafikie kiwango kimoja. Wasipokubaliana, kibovu ni kigezo.

Mzee wa Taaluma

Yote sawa, ila mzazi wa huku anauliza swali moja tu: "amekuwa wa ngapi?" Ukimpa habari za ngeli na mabano anakuona unakwepa.

Dada Fasihi

Mpe nafasi yake, mzee wangu, lakini kwenye karatasi yake mwenyewe. Orodha ya wote ukutani inamfundisha nini aliye wa 79? Chini ya nafasi ongeza mistari miwili: mada anayoiweza, na mada moja ya kurudia na ukurasa wake kwenye daftari. Mzazi asiyejua Hisabati anaweza kusema "nionyeshe ukurasa wa 34".

Mzee wa Taaluma

Hapo kwenye ukurasa nimekuelewa. Orodha ya ukutani bado naitetea kwa Kidato cha Nne.

Madam Unasihi

Kabla hamjamweka mtu kwenye kundi la "wazito", ondoeni kwanza yasiyo ya akili.

Macho: anayenakili 6 kama 0, anayesogeza daftari puani, anayenakili kwa jirani hata tarehe. Msimamishe nyuma ya darasa asome mstari wa ubaoni, jicho moja limefunikwa kwa kiganja, kisha jingine. Kiganja kisibonyeze jicho. Akishindwa, mbele akaweza, akae dawati la kwanza leo na mzazi aitwe ampeleke kupimwa. Masikio: anajibu swali ambalo hukuuliza, au anajibu vizuri akiwa anakutazama mdomo tu. Usitembee ukifundisha huku umempa mgongo.

Mahudhurio: daftari la mahudhurio lisomwe kwa safu ya mtu, siyo jumla ya siku. Anayekosa kila Jumatatu huenda ana gulio. Binti anayekosa siku tatu au nne kila mwezi, aulizwe na mwalimu wa kike, na taulo za kike ziwe mahali ambapo hahitaji kuziomba mbele ya watu. Anayesinzia kuanzia saa tano asubuhi, ulizeni amekula nini kabla ya kumsimamisha.

Mazungumzo yafanyike mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Chini ya mwembe panafaa kuliko ofisi iliyofungwa. Anza na kile ulichokiona: "wiki hii umekosa mara mbili." "Una matatizo gani nyumbani?" humfunga mdomo. Usiahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Akieleza kupigwa vibaya au kuingiliwa, hutamwambia "haitatoka hapa". Mwambie nani ataambiwa na kwa nini, andika maneno yake kama alivyoyasema, usimhoji mara tatu tatu. Taarifa iende kwa mkuu wa shule na ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116, ya msaada kwa watoto, hupigwa bure. Mtuhumiwa akiwa ndani ya shule, usianzie shuleni.

Kalamu Nyekundu

Asanteni sana. Swali la mwisho: hao watano wa mezani, ukiwaita kila siku hawaoni aibu?

Bwana Hesabu

Wanaona, kama ni walewale kila siku. Kila unapowaita wenye kosa, changanya na mmoja aliyepata, mpe kazi ya kueleza mstari mmoja tu, ule wenye nukta. Dakika saba zinatosha. Zikizidi, nyuma wameshaanza soga. Na kabla hawajarudi wape swali lenye namba tofauti, 7 − 4(x − 3), wafanye bila msaada. Aliyepata 19 − 4x anarudi kwake. Aliyepata −5 − 4x bado ana kosa lilelile la alama, abaki dakika mbili.

Kama meza ya mwalimu iko mbele kabisa, sogezeni kiti kando ya dirisha.